Mashahidi wa Kilwa: Somo la Historia ya Dunia

Mwanafunzi amalizapo shule ya msingi na kuingia shule ya sekondari, hukuta katika orodha ya masomo yake somo liitwalo Historia ya Dunia. Wengi hulipokea kwa uvivu. Hudhani ya kuwa dunia hiyo ni ya watu wengine walio mbali, na ya kuwa kazi yao ni kukariri majina ya wafalme na miaka ya vita hata siku ya mtihani, kisha kuyasahau yote. Mwanafunzi wa namna hiyo ni kama mtu aliyefika barazani siku ya kesi wakati watu wanatoka. Ameambiwa mlangoni nani ameshinda na nani ameshindwa. Lakini hakuwasikia mashahidi, wala hawezi kujua kama hukumu ilikuwa ya haki.

Kwani historia ni kesi. Wenye kesi wamekwisha kufa zamani, hawawezi kuitwa tena. Waliobaki ni mashahidi tu: maandishi, masimulizi ya wazee, majengo, sarafu, vigae vya vyungu, na hata mifupa. Kila shahidi ana lake la kusema, na kila shahidi ana upungufu wake. Basi leo na tuisikilize kesi moja tangu mwanzo, nayo ni ya mji wa Kilwa. Mji huu u katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Tena mtaona ya kuwa habari zake zatupeleka Uajemi, Moroko, Ureno na China, hata tukafika Australia.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya kusini ya Tanzania. Watu wanakaa huko hata leo, na karibu ya nyumba zao yasimama magofu ya mawe: msikiti mkubwa wenye kuba, nyumba za matajiri wa kale, makaburi, ngome, na jumba kubwa sana lililo juu ya mwamba, likitazama bahari, liitwalo Husuni Kubwa. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa na ya jirani yake, Songo Mnara, yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu ayaonaye magofu hayo huuliza: Ni nani aliyeujenga mji huu? Hiyo ndiyo kesi yetu, wala si kesi ya mchezo. Zamani za utawala wa kikoloni walikuwako watu waliotazama kuta zile wakasema, Mwafrika hakuweza kazi hii; ni kazi ya watu wa ng'ambo peke yao. Mtoto aliyefundishwa hivyo alijifunza na neno jingine lisiloandikwa ubaoni, ya kuwa wazee wake hawakuwa na sehemu katika mambo ya dunia ila kutazama tu. Tusimkasirikie msemaji, wala tusikubali. Tuwaite mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni kitabu. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtu wa Kilwa aliandika kwa Kiarabu habari za masultani wa mji wake. Nakala tuliyo nayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, nayo sasa imewekwa London. Yasema ya kuwa sultani mmoja wa Shiraz, katika nchi ya Uajemi, alitoka kwao pamoja na wanawe sita katika merikebu saba, na kila merikebu ikatia nanga mahali pake. Ya sita ikafika Kilwa. Lakini habari zizo hizo ziliandikwa pia na Mreno, João de Barros, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552. Yeye hakufika Kilwa. Alizipata habari kwa watu wa kwao waliofika. Naye asema vingine: Ali alikuwa mmoja wa ndugu saba, na mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi, ndugu zake wakamdharau kwa ajili ya mama yake, naye akaondoka kwenda kutafuta makao mapya, akiwa na merikebu mbili tu.

Je, tuamini merikebu saba au mbili? Wanafunzi wengi hupenda kuchagua moja na kutupa nyingine. Afadhali tuulize kwanza, Wanapatana wapi? Wote wawili wasema ya kuwa mtu kutoka Shiraz alifika, na ya kuwa alikipata kisiwa kwa nguo. Kitabu cha Kiarabu chaeleza ya kuwa mwenye kisiwa alikubali kukiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa yenyewe yana habari ya nguo vilevile, nayo yamtaja jumbe wa hapo kwa jina la Mrimba.

Kisha tuulize, Shahidi huyu aliandika lini, na kwa ajili ya nani? Aliandika yapata miaka mia tano baada ya mambo anayoyasimulia. Hesabuni: ni babu wa babu wa babu, na bado hamjafika nusu ya njia. Tena aliandika habari za ukoo wa mabwana wakubwa, na mwenye kuandika habari za bwana wake hasahau kumpa asili ya heshima. Kwa hiyo tumsikilize kwa hadhari. Lakini angalieni jambo moja, ambalo wale wenye kusema kwamba wageni walijenga kila kitu hawakuliangalia. Kitabu hichohicho chakiri ya kuwa kisiwa kilikuwa na mwenyewe. Mtu hanunui kisiwa kwa mtu asiyekuwako.

Shahidi wa pili ni msafiri. Jina lake Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alitoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akazunguka nchi nyingi kupita karibu kila msafiri wa zamani zile. Mwaka 1331 alishuka pwani hii kwa merikebu, akapita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa. Yeye hakusikia kwa watu. Aliona kwa macho yake. Asema ya kuwa mji ule ulikuwa katika miji mizuri na iliyojengwa vema, na ya kuwa wenyeji wake wengi walikuwa watu weusi sana, wenye chale usoni. Wakati ule sultani alikuwa Hasan bin Sulemani, ambaye watu walimpa jina la sifa kwa ukarimu wake.

Ibn Battuta asimulia kisa cha ukarimu huo. Siku ya Ijumaa, sultani alipotoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akasema, Nitakupa. Yule akasema, Nazitaka sasa hivi. Basi sultani akarudi, akavua nguo zake, akavaa nyingine, akampa maskini zile alizoziomba. Watu wakastaajabu na kumsifu. Mwana wa sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa maskini yule, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru maskini aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husomwa darasani kwa kumsifu sultani, na kweli alikuwa mtu mwenye mkono mpana. Lakini hesabuni watu waliomo katika kisa. Yuko sultani, yuko mwanawe, yuko maskini, wako watu waliosifu, na wako wanadamu ishirini waliotolewa kama vile nguo na pembe zilivyotolewa. Walitoka wapi? Msafiri huyuhuyu asema ya kuwa sultani alikuwa akienda mara kwa mara kupiga vita nchi za watu weusi wa bara, akichukua nyara. Jina la sultani limechongwa katika jiwe. Majina ya ishirini wale hayakuandikwa popote. Mwenye kusoma historia hana budi kuwahesabu na hao wasiosema.

Sasa tumwulize msafiri maswali yetu. Aliona mwenyewe, ndiyo. Lakini habari zake hakuziandika Kilwa. Alizisimulia kwa mwandishi mmoja huko Fez, akiisha kurudi kwao, na kitabu kikamalizika yapata mwaka 1355. Ni miaka ishirini na minne tangu alipoiona Kilwa. Jaribu kukumbuka nyumba uliyolala usiku mmoja ulipokuwa mtoto wa miaka mitano, utajua shida ya kazi yake. Naye asema ya kuwa nyumba za Kilwa zilikuwa za miti, na mapaa yake ya majani. Hapa twapata taabu, kwani kuta za mawe zasimama hata leo, nasi twajua ya kuwa baadhi yake zilikuwako alipofika. Wengine husema alisahau. Wengine husema nyumba za mawe zilikuwa za wachache, na yeye alieleza mitaa ya watu wengi. Wengine humshitaki mwandishi aliyenakili. Mimi naona neno la wale wa pili lina nguvu. Lakini mwanafunzi anaweza kushindana nami, maana ushahidi hautoshi.

Walakini kwa jina la sultani hakukosea. Katika Husuni Kubwa wachimbaji waliona jiwe lililochongwa maandishi, na maandishi hayo yamtaja Hasan bin Sulemani. Msafiri hakulijua jiwe, wala jiwe halikumjua msafiri. Mashahidi wawili wasiojuana wakipatana neno, baraza hutulia.

Shahidi wa tatu ni udongo. Mmeliona jalala la kijiji: takataka za jana ziko juu, za mwaka jana ziko chini yake, na za zamani zaidi ziko chini kabisa. Mji wa kale nao ni hivyo. Watu hujenga, nyumba huanguka, wengine huja wakajenga juu yake, na ardhi huinuka kidogo kidogo. Katika miaka ya 1960 wataalamu walichimba Kilwa kwa uangalifu, tabaka baada ya tabaka, wakiandika kila kigae kilitoka katika tabaka gani. Karibu na juu waliona vyombo vizuri vya kauri vya China, shanga, na vyombo vya Uajemi. Walipofika chini kabisa, katika tabaka za karne ya 9 au karibu yake, waliona nini? Waliona dalili za nyumba za miti na udongo, mifupa ya samaki, mabaki ya kazi ya chuma, na vigae vingi vya vyungu vilivyofinyangwa na watu wa pwani hii wenyewe. Kwa hiyo kijiji cha wavuvi na wahunzi kilikuwako kabla ya kuta za mawe.

Lakini sultani Ali, yule wa merikebu na nguo, alikuwako lini? Sarafu zake zilionekana nyingi. Ni ndogo, za shaba. Upande mmoja zina jina lake, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina kama ubeti wa shairi. Ila hazina mwaka. Mtaalamu aliyechimba Kilwa alipima mambo yote, akasema Ali alitawala karibu na mwaka 1200, nasi wengine tukaandika hivyo madaftarini. Ndipo mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ikaonekana hazina iliyozikwa: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Katika zile za fedha limo jina la Ali bin Hasan. Na dinari za dhahabu zilikuwa za nchi nyingine, nazo zina miaka yake. Ya mwisho ni ya karne ya 11. Basi Ali akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia kwa siku moja, na madaftari yakasahihishwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, Mwalimu, kama vitabu hubadilika, tutaaminije? Nilimjibu ya kuwa kitabu kisichokubali kusahihishwa ndicho cha kuogopwa.

Shahidi wa nne aliitwa juzi tu. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania. Walipima chembe za urithi, zile ambazo mtoto huzipokea kwa baba yake na kwa mama yake. Katika wengi wa watu hao asili ya upande wa mama ilikuwa ya Afrika karibu yote. Na upande wa baba, kwa wengi, ulikuwamo urithi wa Asia, hasa wa Uajemi. Na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000.

Basi masimulizi ya Shiraz, ambayo wasomi wengi walikuwa wameyacheka kuwa ni ngano ya kujitukuza, yalikuwa na kweli ndani yake: wageni walikuja kweli. Lakini hawakukuta kisiwa kitupu. Walifika penye kijiji chenye watu, wakaoa kwa wenyeji, na watoto wao wakakua wakisema lugha ya mama zao. Lugha hiyo ni shahidi wa tano, nanyi mnaye kinywani. Maneno mengi ya biashara na sheria katika Kiswahili yametoka Uarabuni. Lakini mtu, jicho, moto, nyumba, kula, kufa, na jinsi tunavyoyaunganisha maneno, ni ya Kibantu. Linganisheni na lugha za kwenu mtaona. Na zile kuta za mawe? Zimejengwa kwa matumbawe ya bahari hiihii na kwa chokaa iliyochomwa katika matanuu, kazi ambayo mafundi wa pwani wanaijua hata leo.

Sasa mtaniuliza, Hii ni historia ya Kilwa. Historia ya dunia iko wapi? Chukueni daftari, mwandike juu ya ukurasa mwaka 1331, mwaka Ibn Battuta alipofika, kisha mchore safu nne. Katika safu ya kwanza andikeni: Kilwa, sultani Hasan, dhahabu yatoka bara ya Zimbabwe, yashuka Sofala, yaletwa Kilwa. Sarafu moja ya sultani huyo imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Katika safu ya pili: Mali, katika Afrika ya Magharibi, Mansa Musa yu hai bado, aliyekwenda kuhiji mwaka 1324 na dhahabu nyingi hata habari zake zikaenea kila mahali. Katika ya tatu: China yatawaliwa na Wamongolia, nao watatolewa mwaka 1368. Katika ya nne: Uingereza na Ufaransa zimebakiza miaka sita tu kabla ya kuanza vita vitakavyopita miaka mia. Mwenye kusoma safu moja kutoka juu hata chini ajua habari za nchi. Mwenye kusoma safu zote kwa kukata ukurasa aanza kuona dunia.

Endeleeni na safu hizo mtakutana na twiga wa Malindi, aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, wakati merikebu kubwa za Wachina zilipokuwa zikitembelea Bahari ya Hindi. Mtakutana pia na Wareno. Vasco da Gama alipita mwaka 1498. Aliporudi mwaka 1502 aliilazimisha Kilwa kulipa kodi. Na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu za vita, askari wakaingia mjini, wakanyang'anya mali nyumba kwa nyumba, wakajenga ngome. Walitaka dhahabu ya Sofala. Mwaka 1512 waliiacha ngome ile, lakini biashara ya Kilwa ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Nami nina habari moja imebaki. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa Australia aliwekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Siku moja, pwani mchangani, akaokota sarafu chache. Akazitia katika kopo, nazo zikakaa humo zaidi ya miaka thelathini kabla hajazipeleka kwa wajuzi. Wajuzi wakaona ya kuwa baadhi yake ni za Uholanzi, na tano ni za shaba, za masultani wa Kilwa. Toka Kilwa mpaka huko ni bahari nzima ya Hindi. Labda zilichukuliwa na merikebu iliyovunjika; labda zilipita mikononi mwa wafanyi biashara wengi, kisiwa baada ya kisiwa; labda wavuvi waliotoka visiwa vya Indonesia walizileta. Kesi hiyo haijaamuliwa bado.

MASWALI

1. Kitabu cha Kiarabu na kitabu cha Barros vinapatana katika mambo gani, navyo vinatofautiana wapi?

2. Kwa nini dinari za dhahabu za Mtambwe Mkuu zilitusaidia kujua zamani za Ali bin Hasan, hali sarafu zake mwenyewe hazina mwaka?

3. Ibn Battuta alisema nyumba za Kilwa zilikuwa za miti. Wewe wasemaje? Toa sababu zako.

4. Mwulize mzee wa kwenu habari moja ya zamani. Kisha mwulize mzee wa pili habari ileile. Andika mahali wanapopatana na mahali wanapoachana, na yule ambaye hawakumtaja.